Tulimfunza bi harusi kila kitu isipokuwa kusema



Msimu wa harusi umeanza, na kama kawaida maswali yanayonijia ni ya singo, piko, na rangi ya nguo ya siku ya kupambwa. Nitayajibu inshaallah. Ila leo nina jambo jengine ambalo nimelibeba tangu mwaka jana, na mwenyewe mhusika amenipa ruhusa nilisema mradi nisimtaje jina. Ni mtoto wa mamdogo wangu. Tulimuoza hapa Unguja kwa shangwe, tukamsindikiza hadi Mbinga, mkoani Ruvuma, na hakuna hata mmoja katika aila yetu aliyemwambia bwana harusi kwamba binti ana selimundu, sikoseli kama tulivyozoea kuiita.

Nasema "yetu" kwa sababu na mimi nilikuwamo. Nilikaa kwenye kile kikao cha wanawake baada ya posa kuja. Mamkubwa alisema tukiwaambia, watu watarudi na posa yao. Shangazi akasema mume atakuja kujua mwenyewe polepole, wakishazoeana. Mimi nilinyamaza, nikaendelea kumenya machungwa. Binti alikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi, anasikia kila neno. Tulikuwa tunajadili namna ya kumficha yeye mwenyewe, kama vile mtu anavyojadili ufa kwenye kabati analotaka kuliuza.

Kisha akaja somo wake. Akamfunza udi, liwa, namna ya kukaa na wakwe, namna ya kumpokea mume, namna ya josho. Alifunzwa kila kitu. Alipouliza, "Na nikiumwa?", aliambiwa asiwe na mdomo mwepesi, Mungu atamstiri.

Kwa wale wasioujua vizuri ugonjwa huu, nieleze kidogo. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni mviringo na laini, zinapita hata kwenye mishipa myembamba. Za mwenye selimundu hujikunja zikawa kama mundu wa kukatia majani, ndiyo jina lilipotoka. Zikijikunja hunasa, damu haipiti, na hapo ndipo yanapokuja yale maumivu ya mifupa, mgongo na kifua ambayo binamu yangu huyafananisha na mlango wa gari kufungwa juu ya mguu na usifunguliwe. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo damu inapungua kila wakati na macho yanakuwa na manjano. Homa, kukosa maji mwilini, uchovu, wasiwasi na baridi vyote huweza kuamsha maumivu.

Baridi! Na sisi tukamchukua mtoto wa kisiwani tukampeleka Mbinga.

Wasiofika huko wanadhani bara yote ni joto na vumbi. Ukitoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 za basi hadi Songea, halafu unapanda tena kuingia milima ya Wamatengo. Ni nchi nzuri sana, mashaallah. Miteremko imejaa kahawa, na yale mashamba ya ngolo yenye mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, ambayo Wamatengo wamelima tangu zama za mababu ili mvua isichukue udongo. Lakini mwezi wa Juni na Julai ukungu unakaa mpaka asubuhi imeenda, na watu wanatembea na makoti na masweta. Bwana harusi ananunua kahawa huko, ndiyo sababu ya kuishi pale. Harusi ilikuwa mwishoni mwa Mei. Hesabuni wenyewe.

Sasa nitasema jambo ambalo litawafanya baadhi yenu muone haya, lakini hapa tumo wanawake watupu. Bi harusi mpya anahitaji josho kabla ya alfajiri. Mbinga kila mtu huchemsha maji ya kuoga, si anasa. Lakini mwari yule, mgeni, katika nyumba yenye shemeji na mawifi, aliona haya kuwasha jiko saa kumi za usiku nyumba nzima ijue ameamkia nini. Akawa anaoga maji ya bomba. Siku ya kumi na moja alishindwa kunyanyuka kitandani.

Dini haikumtaka afanye vile. Amr ibn al-As, radhi za Allah ziwe juu yake, akiwa safarini katika usiku wa baridi kali alihofia nafsi yake, akatayamamu na akawasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) na Amr akaeleza sababu, Mtume alicheka na hakumlaumu. Masheikh wana maelezo yao juu ya lini unatayamamu na lini unalazimika kwanza kupasha maji, muulize wako. Ninachosema mimi ni kwamba mlango ulikuwepo, na somo wetu hakumuonyesha, kwa sababu kumuonyesha kungemlazimu kutaja ugonjwa.

Alipelekwa kwenye kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Aliyempokea alimtazama, akasema bi harusi wa pwani anadeka, baridi haijamzoea. Wala hakukosea sana, maana hata yeye hakuambiwa kitu. Mume alipoulizwa kama mkewe ana maradhi yoyote alijibu kwa moyo safi: hana. Binti alikuwa analia, na hata pale alinyamaza. Alikuja kuniambia kwamba maumivu ya mwili yale alikuwa ameyazoea tangu mdogo. Kilichomvunja ni kulala pale akimsikia mumewe anamtetea kwa uongo ambao hajui kuwa ni uongo.

Aliyefungua siri ni mama mkwe.

Yeye anaishi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini kabisa ya milima. Siku hizi kuna lami kutoka Mbinga, kilomita 60 na kitu za kona na miteremko, na ukiteremka unahisi joto linakupokea njiani, maana ziwa lipo chini ya Mbinga kwa mita 800 hivi. Familia yao ni ya Kiislamu, ingawa wengi wa ufukwe ule ni Waanglikana na Wakatoliki. Mwanawe alimpigia simu, naye akapanda gari asubuhi ile ile. Akakaa kando ya kitanda, akamfunua binti jicho, akamshika vidole vya miguu. Kisha akamwambia, "Mwanangu, mbona hukusema? Mimi nilizika wawili wa hivi hivi."

Alizika wawili! Wa kwanza hakufika miaka mitatu, wa pili alikuwa ameanza shule. Watu walisema malaria, wengine wakasema jirani ana mkono. Hakuna aliyewapima. Aliyeishi, huyu mume wa binamu yangu, alikua mzima na mwenye nguvu, na kwao lile jambo likazikwa pamoja na wale watoto. Walipokuja Unguja kuleta posa hawakulitaja. Wala hatukuwauliza. Sisi tulikaa tukiogopa kwamba wao watagundua aibu yetu, na wao walikuwa na makaburi mawili ambayo hawakujua yanahusu nini.

Mume alipimwa baadaye Songea. Anabeba. Yaani ana kinasaba kimoja cha selimundu na kimoja kizima, hana ugonjwa, ila anaweza kumrithisha mtoto. Hesabu yake ni hii, na ningependa kila mwali aijue kama anavyojua hesabu ya eda. Mwenye ugonjwa akiolewa na asiyebeba kabisa, watoto wote watabeba na hakuna atakayeugua. Wanaobeba wote wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Mwenye ugonjwa akiolewa na anayebeba, kama hawa wetu, kila mimba ni nusu kwa nusu. Hii si mwiko wa ndoa. Lakini ni jambo la kuamuliwa na watu wawili wakiwa macho, na sisi tuliwafunga vitambaa.

Kuna msomaji hapo anasema, ndiyo maana mimi huwaambia watu wapime ili wasichukuane. Dada yangu, kupima nakuunga mkono kwa mikono miwili. Saudi Arabia imelazimisha wachumba kupima selimundu na thalasemia tangu mwaka 2004, na majibu hayamzuii mtu kuoa. Wanaelezwa, halafu uamuzi ni wao. Kwetu ambako binamu kumuoa binamu ni jambo la fahari, na damu ni ile ile inazunguka, tungekuwa wa kwanza kudai kipimo hiki. Gharama yake haifiki hata ile ya kupamba kiti cha bi harusi.

Ninachokataa ni lugha tunayoitumia. Sikiliza tunavyozungumza: "mchunguzeni, asije kuwa na sikoseli", "ukoo ule una ugonjwa", "hawavuki miaka ishirini wale". Maneno haya yote yanasemwa mbele ya wasichana wanaougua, ambao wamekaa hapo hapo wamevaa buibui zao wakitabasamu. Tanzania inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa kila mwaka na selimundu, nchi chache sana duniani zinatupita. Wengine wao wanakua, wanasoma, wanafikia umri wa kuposwa. Hao si onyo kwa wengine.

Wala huo si ugonjwa wa ukoo fulani. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti wake Afrika Mashariki kwamba mwenye kubeba kinasaba kimoja hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kiliselelea kule kulikokuwa na mbu kwa karne nyingi: pwani yetu, visiwa vyetu, kandokando ya maziwa. Hapa Zanzibar malaria imepungua sana, alhamdulillahi, lakini kinasaba hakijui habari hiyo, kimebaki. Babu zetu walipona nacho. Binti anayeugua leo analipa gharama ya uhai wa babu zake wote, na sisi tunamwita mwenye kasoro.

Juu ya kusema ukweli wakati wa posa, najua hoja ya stara. Na mimi naipenda stara. Lakini Fatima bint Qays alipokwenda kwa Mtume (SAW) akiwa ameposwa na Muawiya na Abu Jahm, Mtume alimweleza waziwazi: mmoja hana mali, mwengine mkali kwa wanawake. Masheikh wanaitumia habari hiyo kuonyesha kwamba kutaja ukweli unaohusu ndoa, kwa mwenye haki ya kuujua, si kusengenya. Sasa kama ukweli wa watu wengine unatajwa ili mtu aamue vyema, wa kwetu tunauficha kwa hoja ipi? Mume yule hakumwacha mkewe. Lakini alikaa siku nne hazungumzi, na aliposema, alisema tumemfanya mgeni katika ndoa yake. Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo.

Posa ingerudi? Huenda. Nimeliwaza sana hili. Binti angelia mwezi, labda mwaka. Lakini angelia nyumbani kwao, Unguja kwenye joto, na mamaake pembeni.

Nije kwenye moyo, ambao ndio hatuuzungumzi kabisa. Binamu yangu aliniambia kwamba katika zile wiki za Mbinga kulikuwa na usiku aliomba asiamke. Hakusema kwa kulia, alisema kama mtu anayekwambia bei ya nyanya. Alikuwa haoni kama kuna mtu angepoteza kitu: mume angeoa mzima, sisi tungepumzika na siri. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba huzuni nzito na wasiwasi vinawapata wenye selimundu zaidi ya watu wengine, na wala huhitaji utafiti kuelewa kwa nini. Maumivu yanakuja bila miadi. Unakosa skuli, unakosa harusi za wenzako, unazoea watu kukuona mvivu. Halafu unapojaribu kusema, unaambiwa subiri, subira ina kheri.

Mashoga zangu, tumeigeuza subira kuwa kitambaa cha kumziba mtu mdomo. Nabii Yaqub, amani iwe juu yake, alilia kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yakafanya weupe, na Qur'ani inamtaja kwa subira njema. Nabii Ayyub alimlalamikia Mola wake maradhi yake, na hakutolewa kwenye orodha ya wenye kusubiri. Mwanamke anayesema "nimechoka, naogopa, sitaki kuamka" hajapungukiwa imani. Anahitaji mtu wa kukaa naye, na anahitaji daktari, siku ile ile, si baada ya fungate. Ikiwa wewe unayesoma hapa umewahi kuomba usiamke, mwambie mtu leo, na ukienda kliniki mwambie daktari hilo kabla hata ya kutaja mifupa. Ni sehemu ya ugonjwa kama manjano ya macho.

Na Ramadhani, jamani. Kufunga ni kukaa bila maji, na mwili wa mwenye selimundu bila maji unaweza kuvunjika kwa siku moja. Mgonjwa ameruhusiwa na Mola mwenyewe, aya ziko kwenye Suratul Baqara kila mtu anazijua. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka, kwa madhehebu yetu ya Shafi anatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Bado nawajua wasichana wanaojificha chooni kunywa maji mwezi mtukufu kwa sababu mawifi wanahesabu. Tusiwe sisi hao mawifi.

Kuna mambo ya matibabu ambayo wengi hawayajui, nitayapitia haraka. Muhimbili wamekuwa wakifuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu maalumu tangu 2004, kazi ambayo Profesa Julie Makani ameifanya ijulikane duniani. Vidonge vya foliki vinasaidia mwili kutengeneza damu. Kuna haidroksiurea, ambayo kwa wengi hupunguza sana maumivu. Lakini bi harusi, sikiliza: madaktari hushauri kuiacha kabla ya kushika mimba, na hilo huwezi kulipanga ikiwa unameza dawa kwa kujificha na mume anangojea mtoto. Mimba yenyewe inawezekana, wengi wamezaa, ila inataka kuangaliwa hospitali tangu mwanzo. Kupandikiza uloto kumeanza Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, mwaka 2023, kwa watoto. Ni habari njema, lakini si ya kesho kwa mtu aliyeko Mbamba Bay.

Ndiko anakoishi sasa, kwa mama mkwe. Joto la ziwa limemfaa mifupa, ila mbu wa ufukweni hawana mchezo, na malaria kwa mwenye selimundu ni hatari zaidi kuliko kwa mwengine, kwa hiyo chandarua kwake ni kama kanga, hakosi. Mume anapanda Mbinga Jumatatu kwenye kahawa na kushuka Alhamisi. Juu ya watoto bado hawajaamua, na sitaki mtu aniulize. Ananitumia picha za usipa ulioanikwa mchangani na mama mkwe wake akiwa na ufagio anafukuza kunguru. Wiki tatu nyuma aliumwa tena, akalazwa siku mbili. Safari hii mume alipoulizwa maradhi ya mkewe aliyataja yote, na jina la dawa na kipimo chake.

Jumamosi hii tuna kikao chengine cha wanawake kwa mamkubwa. Mdogo wake binamu yangu ameposwa, kijana wa hapa hapa Unguja. Hajawahi kupimwa, wala kijana. Nimempigia mamkubwa nikamwomba mambo mawili: wapime wote wawili kabla hatujapokea chochote, na binti akae nasi chumba kimoja tunapozungumza. Amesema atafikiri.